Mnachokifyeka kina jina: barua ya wazi kwa madiwani, wakurugenzi na maofisa mazingira wa majiji yetu

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUITAMBUA MIMEA YA KANDO YA BARABARA KABLA YA KUIONDOA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi jijini Dar es Salaam. Nina miaka kumi na tisa kazini na sijawahi kumwandikia kiongozi barua ya namna hii. Naandika kwa sababu ya ukuta wa shule yetu, upande wa barabarani.

Chini ya ukuta ule, pale saruji ilipoachana na lami, mimea imekuwa ikijiotea kila mwaka. Masika yalipokatika niliwatoa nje wanafunzi wa darasa la tano, kila mmoja na kipande cha chaki. Niliwaambia kila mtu achague mmea, akaulize jina lake nyumbani, kesho yake aje aliandike kwenye saruji kando ya mmea wenyewe. Wakarudi na majina. Wengine walikuja na majina mawili ya mmea mmoja, maana bibi wa Kidigo na bibi wa Kigogo hawaiti kitu kimoja kwa jina moja. Tukaandika yote. Wapita njia wakaanza kusimama na kusoma. Kijana mmoja wa bodaboda alizima pikipiki, akainama, akasema kwa sauti, "Kumbe hiki ndicho kishona nguo!" Kisha akaanza kubandua mbegu zake kwenye suruali, moja moja, huku watoto wakimhesabia.

Wiki iliyofuata tukasikia kuna ugeni utapita barabara ile. Siku moja kabla yake kikaja kikosi na majembe. Kufyeka ningekuelewa, lakini hawa waliparura mpaka udongo ukabaki mtupu kama kichwa kilichonyolewa wembe. Saa moja haikuisha. Mawe ya ukingoni yakapakwa chokaa. Majina yetu yakabaki pale kwenye saruji, yamepangana vizuri, hayana wenyewe.

Vijana wale siwalaumu, wametumwa kazi na wameifanya. Wala siupingi usafi. Tangu sikukuu ya Uhuru ya Desemba 9, 2015 ilipogeuzwa kuwa siku ya usafi nchi nzima, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa ya usafi, nimeshika fagio na wanafunzi wangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ninachopinga ni kuweka mfuko wa plastiki na mmea katika fungu moja, vyote vikaitwa uchafu, vikapakiwa kwenye toroli moja.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye mmea mmoja. Watoto waliupenda kwanza kwa jina lake, tako la hasani. Wengine huuita danga. Mnaujua hata kama hamjawahi kuutaja. Unatambaa, una shina jekundu na majani manono yaliyojaa maji, na ua lake dogo la njano hufunguka jua likipanda na kufumba siku ikianza kupinda. Makazi yake ni nyufa za tofali za pevingi. Pitisha mkono juu ya tofali hizo saa saba mchana mwezi wa Januari muone zinavyochoma. Mmea mwingine ungekauka kwa siku mbili. Huu, ukame ukizidi, hufunga vitundu vya majani yake mchana ili maji yasipotee, ukavuta hewa ya kaboni dayoksaidi usiku kukiwa na ubaridi, ukaihifadhi, na jua likitoka ukaitumia kutengeneza chakula mlango ukiwa umefungwa. Wataalamu wa mimea wanaushangaa kwa sababu unaweza njia mbili za kujilisha ambazo mimea mingi haina hata moja kati ya hizo. Nikiwaeleza watoto hili darasani, mbele ya picha ya kitabu, husinzia. Nikiwaeleza wamechuchumaa juu ya tofali, hawataki kengele ilie.

Tena unaliwa. Waarabu huuita rijla na kuuuza sokoni kwa mafungu, Waturuki huula na mtindi. Katika mboga za majani zilizowahi kupimwa, ni miongoni mwa zenye mafuta ya omega-3 kwa wingi zaidi, ndugu wa yale ambayo tunaambiwa tuyatafute kwenye samaki.

Lakini kilichoniuma siku ile ya majembe ni viwavi. Binti mmoja alikuwa amegundua kiwavi mweusi mwenye miiba laini akila majani ya tako la hasani, na darasa zima likawa linamfuatilia. Kiwavi yule angekuwa kipepeo ambaye wataalamu humwita Hypolimnas misippus. Dume lake ni jeusi, lina mabaka meupe yaliyozungukwa na rangi ya zambarau inayometameta. Jike halifanani nalo hata kidogo. Lina rangi ya machungwa na ncha nyeusi zenye madoa meupe, kwa kuwa limevaa sare ya kipepeo mwingine kabisa, Danaus chrysippus. Huyu wa pili, angali kiwavi, hula mimea ya utomvu mweupe wenye sumu, ile inayoota kwenye viwanja visivyojengwa, na sumu hiyo hubaki mwilini mwake. Ndege akimuonja mara moja, anakoma. Basi jike la misippus, ambalo halina sumu yoyote, huokoka kwa kufanana naye. Mwigo huo ulichunguzwa hapahapa Tanzania miaka ya 1970 na matokeo yake yakachapishwa katika majarida makubwa ya sayansi duniani. Wasomi wa nje wanausoma hadi leo. Mtoto wa darasa la tano angeuona kwa macho yake hatua kumi kutoka lango la shule, bila darubini, bila nauli, bila bajeti ya wizara. Kinachohitajika ni jike lipate tako la hasani la kutagia mayai na yule kipepeo mwenye sumu apate ule mmea wa utomvu. Vyote viwili kwenye orodha ya kazi ya usafi vinaitwa magugu.

Aliyenifundisha zaidi katika jambo hili si chuo. Ni mama anayefagia barabara yetu, ambaye huanza kazi kabla ya adhana ya alfajiri. Siku ya pili ya chaki alisimama na fagio lake, akasoma, akatikisa kichwa. "Mwalimu, hapa mmeandika 'haujulikani'. Mbona huu ni mgagani?" Akatuonyesha majani yake yaliyogawanyika kama vidole vya mkono, akawaambia watoto waunuse. Amekulia Singida. Akasimulia unavyochemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa kupunguza uchungu, kisha ukaungwa kwa karanga, na mwingine ukaanikwa ukawekwa akiba ya kiangazi. Alitaja mimea mitano mingine ambayo mimi, mwenye cheti, sikuijua. Alijua mlenda pori. Alijua mchunga, ule mchungu ambao watu wa pwani huupika kwa nazi. Nilimuuliza kama aliwahi kuulizwa na mtu yeyote habari za mimea hii tangu aanze kazi ya kufagia. Akacheka tu.

Waheshimiwa, majirani zetu wa Kenya wanatupa somo hapa. Managu, ambayo sisi twaiita mnavu, pamoja na saga, ambayo ndiyo mgagani huuhuu, zilikuwa mboga za kuonewa aibu mjini. Ulikuwa ukipika kabichi na sukumawiki mgeni akija. Watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia walikaa miaka mingi na mboga hizo, wakapima virutubisho vyake, wakaboresha mbegu, wakawafundisha wakulima. Leo zinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi na kuagizwa hotelini. Mmea ni uleule. Kwetu pia, pale Tengeru mkoani Arusha, kuna benki ya mbegu za mboga za asili za Afrika, zinatunzwa kwenye baridi kama dhahabu. Mbegu za ndugu wa mimea hiyohiyo tunazisomba kwa toroli.

Nisieleweke vibaya. Simwambii mtu achume mboga kwenye ukingo wa barabara ya magari. Moshi, mafuta yanayodondoka, maji ya mtaroni na mkojo wa mbwa vyote huishia hapo. Ukingo wa barabara nauona kama maktaba. Mtoto akiusoma mgagani pale, akienda kijijini likizo atautambua shambani kwa babu yake.

Kuna mmea mwingine nauandikia kwa uzito wa pekee, ambao wataalamu huuita Catharanthus roseus. Ni kichaka kifupi chenye maua ya waridi au meupe, petali tano, kati kuna kijicho chekundu. Kimejaa Dar es Salaam, kwenye mchanga, makaburini, kando ya reli. Asili yake ni Madagaska. Huko Jamaica watu walikuwa wakichemsha majani yake kwa ajili ya kisukari, na miaka ya 1950 watafiti wa Kanada wakaamua kuyachunguza. Sukari haikushuka. Waliona badala yake chembe nyeupe za damu zikipungua, na kutokana na hapo zikapatikana dawa mbili, vinblastini na vinkristini. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na vinkristini ni mojawapo ya dawa za msingi za kutibu saratani ya damu kwa watoto. Niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyeugua ugonjwa huo. Alirudi darasani baada ya muda mrefu, kichwa hakina nywele, akakaa dawati la mbele. Siku tuliyofika kwenye ua hili na chaki nilimpa yeye aandike. Aliandika polepole sana, kwa herufi kubwa. Niliwaonya wote papo hapo kwamba mmea huu ni sumu, hauchemshwi nyumbani, dawa inayotokana nao hupimwa hospitalini kwa kiasi kidogo mno. Hiyo nayo ni faida ya kujua jina, maana unajua cha kuheshimu na cha kuogopa.

Najua mtakachonijibu, kwa sababu mwenyekiti wetu wa mtaa alishanijibu. Majani yanaleta nyoka na mbu.

Nyoka huvutiwa na panya, na panya huvutiwa na jalala. Hata hivyo nakubali kwamba majani marefu mlangoni mwa watu hayafai, na yafyekwe. Kuhusu mbu, mbu aenezaye homa ya dengue, iliyotusumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Yumo kwenye tairi bovu, kopo, kifuu cha nazi, ndoo isiyofunikwa. Mbu aliyekomaa hupumzika majanini, ndiyo, ila hazaliwi humo. Na katika mimea iliyoparurwa siku ile kulikuwa na kivumbasi, ambacho bibi zetu walikifukiza ndani jioni ili kufukuza mbu. Tulikiondoa kwa jina la mbu, na kifuu kilichokuwa kando yake kikaachwa na maji yake.

Kuna hoja nyingine ambayo watu hawaisemi waziwazi, nami naiheshimu kuliko zote. Tumelelewa tukiamini kwamba uwanja uliofagiliwa mpaka udongo ukaonyesha mistari ya fagio ni uwanja wa watu wenye adabu. Mama yangu aliniamsha alfajiri kwa ajili hiyo. Uwanja wa nyumba ni wa nyumba, na uendelee kufagiliwa. Lakini barabara ina mita nyingi kuliko uwanja, na mvua yake ni nyingine. Ukiacha ardhi ya kando ya mtaro ikiwa tupu, mvua ya kwanza ya masika hubeba mchanga wote na kuutia mtaroni. Mtaro unajaa, maji yanapanda barabarani, halafu halmashauri inalipa watu kuzibua kilichozibwa na kazi iliyoilipia mwezi uliopita. Wakazi wa mabondeni wanaokumbuka mafuriko ya Desemba 2011 hawahitaji kuelezwa maji yanafanya nini yakikosa njia. Ukoka peke yake, nyasi fupi ambayo haifichi hata mjusi, unashika udongo huo bure.

Wala sisemi kila kinachoota kibaki. Arusha wanapambana na gugu karoti, mmea kutoka Amerika unaowasha ngozi, unaobana kifua na kuua malisho. Huo ung'olewe ukiwa mdogo, kabla ya ua, kwa mikono yenye glavu. Mtini ukiota kwenye ukuta wa nyumba ya mawe ya kale, mizizi yake itaupasua ukuta, nao uondolewe mapema. Mnanaha una sumu, usiwe karibu na watoto wa chekechea. Mbegu za mbarika vilevile. Lakini ona kwamba mtu asiyejua majina hawezi kufanya lolote kati ya haya. Jembe lisilochagua limeuacha mbarika upande wa pili wa barabara yetu kwa sababu ni mrefu na una majani mapana, ukadhaniwa umepandwa. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na sisi tunafyeka gizani.

Wengine wameanza. Katika jiji la Toulouse, Ufaransa, mtaalamu wa mimea wa makumbusho ya historia ya asili, Boris Presseq, alitoka na chaki akaandika kando ya kila mmea wa ufa jina lake, na picha zake zikasambaa duniani. Makumbusho ya taifa ya nchi hiyo kule Paris nayo yana mpango unaowaalika wananchi wa kawaida kuorodhesha mimea pori ya mtaani kwao, ikawa takwimu halali ya sayansi. Na tangu Januari 1, 2017 sheria ya Ufaransa inakataza mamlaka za miji kunyunyizia dawa za kemikali za kuua magugu kwenye bustani za umma na njia za watu. Wenzetu walifika hapo baada ya miaka mingi ya kupiga dawa. Sisi wengi wetu bado tunatumia jembe na fyekeo, kwa hiyo safari yetu ni fupi kuliko yao. Nawasihi msiifanye ndefu kwa kununua mabomba ya dawa ili kuokoa vibarua.

Sasa maombi yangu.

Mikataba ya usafi ibadilishwe neno moja. Pale inaposema kuondoa majani, iseme kufyeka kwa kimo cha kiganja, na kuparura kubaki kwa sehemu maalumu zilizotajwa, kama mdomo wa kalvati. Mkandarasi hufanya kilichoandikwa. Na kwenye vipande visivyozuia mtu wala gari, ufyekaji usubiri mimea imalize kutoa maua na mbegu.

Jumamosi ya usafi ianze na nusu saa ya kutembea. Mtendaji wa mtaa, bwana afya, mwalimu mmoja, wazee wawili watatu wanaojua mimea, na watoto wenye chaki. Waipite barabara, waandike majina, wapige alama nyekundu kwenye cha kung'oa. Kisha majembe yafuate. Chaki inafutika kwa mvua, haiharibu mali ya mtu, lakini mpaka leo mwalimu akiandika kwenye ukingo wa barabara anaweza kuulizwa kibali. Toeni tamko moja tu kwamba shule zinaruhusiwa.

La mwisho ndilo ninalolitaka kuliko mengine. Wafagiaji wa barabara walipwe kama walimu kwa saa chache kila muhula, waje shuleni kufundisha wanachokijua. Tuna wanawake kutoka Singida, Kigoma, Lindi, Tanga, Mara, kila mmoja na majina ya kwao, wanainama juu ya mimea hii kila siku ya Mungu. Watoto wetu wanaweza kuchora sehemu zote za mbegu ya haragwe na kupata alama zote kwenye mtihani, ila hawajui wanachokikanyaga wakija shule. Mama yule wa barabara yetu nimeshamwomba, naye amekubali, ila anaogopa kuonekana ameacha fagio saa za kazi. Kibali chake kiko mikononi mwenu.

Jana jioni nilipita pale ukutani. Kwenye ufa uleule, juu kidogo ya neno "tako la hasani" ambalo mvua bado haijalimaliza, yamechomoza majani mawili manono, madogo kama punje za mchele. Leo asubuhi darasa la tano wameniuliza kama waende kuliandika jina upya. Nimewaambia wasubiri jibu lenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa sayansi, shule ya msingi
Dar es Salaam